Kinachotupwa mtaroni Mabatini nakikuta Mwaloni

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Mwanza nani anachafua Ziwa Victoria atakutajia viwanda, atakutajia meli, wengine watasema wavuvi, na sikatai kila mmoja ana sehemu yake, lakini mimi naishi Mabatini juu kidogo ya mto Mirongo na biashara yangu ya dagaa naifanyia Mwaloni Kirumba, yaani alfajiri niko mlimani na mchana niko ziwani, na kwa miaka yote niliyokaa hapa vitu ninavyoviona huku juu ndo hivyohivyo navikuta kule chini. Pampasi, viatu vya yeboyebo, chupa za maji, viroba vya unga. Ikitupwa kwenye mtaro mwezi wa nane, mwezi wa kumi iko ufukweni. Naandika haya saivi sababu vuli inakaribia na kila mwaka tunasubiri mpaka maji yaje ndo tunaanza kukimbizana.

Kwa asiyeijua Mwanza, mji wetu ni wa mawe. Nyumba zimepanda mpaka kwenye miamba, Isamilo, Mabatini, Igogo, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanateremka kwenye vichochoro, kwenye ngazi, kwenye mitaro, alafu kwa upande wetu yote yanaishia Mirongo, na Mirongo unakata mji katikati unamwaga ziwani. Hakuna sehemu yoyote hapo katikati ambapo hayo maji yanasafishwa. Hili watu wengi hawalijui kabisa, nimeongea na wasomi, nimeongea na mama ntilie, karibu wote walikuwa wanaamini maji ya mtaro wa barabarani yanaenda kwenye mabwawa ya majitaka. Hayaendi. Majitaka ya vyoo vilivyounganishwa yana bomba lake na yanaenda kutibiwa, ila maji ya mvua yana njia yake na yanaingia ziwani jinsi yalivyo na chochote kilichomo ndani yake. Na maji tunayokunywa mjini yanavutwa ziwani, chanzo cha Capripoint kiko kwenye ghuba hiihii ya Mwanza, saivi tuna na Butimba ambayo nayo inavuta humuhumu. Yanatibiwa ndio, lakini kadiri yanavyokuja machafu ndo kazi ya kuyatibu inavyozidi kuwa ngumu.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mvua zote hazilingani. Mvua ya kwanza ndo mbaya kuliko zote. Kiangazi hapa kinaanza mwezi wa sita mpaka wa tisa huko, miezi yote hiyo vumbi linakaa, oili ya pikipiki inadondoka barabarani, mbwa na mbuzi wanafanya yao, majivu ya jiko yanamwagwa pembeni ya mtaro, maji ya kufulia, utumbo wa samaki, mabaki ya sokoni, vyote vinakaa vinasubiri. Siku mvua inashuka ya kwanza, nusu saa tu, vinaondoka vyote kwa mpigo.

Mwaka jana nilisimama pale kwenye kalavati kuangalia kwa makusudi kabisa, na nakushauri na wewe ufanye hivyo kama unaishi karibu na mto. Kwanza lilikuja povu, jeupe, la sabuni. Nyuma yake chupa, nyingi mpaka zinagongana. Alafu maji yakawa meusi, meusi kweli yana utando wa rangirangi juu, ile ya oili, na harufu ikapanda mpaka wauza matunda waliokuwa wamejikinga pale wakahama. Mbele kidogo yakaanza kugeuka ya udongo. Mvua iliyofuata siku kadhaa baadaye ilikuwa kubwa kuliko ile ila maji yalikuwa mekundu ya kawaida tu, uchafu mwingi ulishaenda. Kwa hiyo mtu anayesafisha mtaro mwezi wa kumi na moja anausafisha wakati ziwa limeshakula. Kazi ni mwezi wa nane na wa tisa, kipindi ambacho mtaro umekauka na hamna anayeukumbuka.

Sasa hapo kuna jambo linaniumiza sana. Tunayo siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanafungwa mpaka saa nne, watu wanatoka na machepeo, wanazibua mitaro vizuri tu, jasho linatoka. Alafu lile tope wanaliweka wapi? Pembeni ya mtaro! Linapangwa mafungumafungu kama mihogo sokoni, linakaa pale wiki linasubiri gari, gari haliji, watoto wanalichezea, pikipiki zinalikanyaga, mvua inakuja inalirudisha lote ndani na safari hii limeshalainika linaenda mpaka mtoni bila kukwama popote. Yaani kwa upande wa mtaro tumepata nafuu kidogo, kwa upande wa ziwa hatujafanya kitu. Na tope la mtaro ndo lenye uchafu wenyewe, oili imeshikana humo, kinyesi kimo humo, ile mbolea inayolisha magugu maji ziwani imo humo. Chupa inaonekana kwa macho ndo maana kila mtu anaisema, lakini tope lina madhara makubwa zaidi.

Kikundi chetu cha mtaa, wengi ni kina mama na vijana wa bodaboda, tulikubaliana tope lisilale pembeni. Kama hamna guta la kulibeba siku hiyo basi hatuchimbi siku hiyo, tunasubiri. Linajazwa kwenye viroba likiwa bichi, viroba vinapandishwa barabarani penye lami ambapo gari linafika. Ni kazi nzito, kiroba cha tope bichi si mchezo kukipandisha ngazi za mawe, na kuna wazee walitusema eti tunajitesa bure. Lakini ukiangalia mtaro wetu mvua ikishakatika utaona tofauti na mitaa mingine.

Kuhusu vyoo nitasema wazi sababu tusipolisema hili mengine yote ni mapambo. Huku milimani ukichimba choo unakutana na mwamba mapema, shimo linakuwa fupi, linajaa haraka, gari la kunyonya haliwezi kupanda, na kupakua kwa mkono ni gharama na ni hatari. Kwa hiyo mvua kubwa ikija usiku, wapo wanaofungulia. Kuna nyumba zimewekewa bomba kabisa pembeni ya shimo limezibwa kwa tambara na jiwe, mvua ikipamba moto jiwe linaondolewa. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, kesho yake mnasalimiana kama kawaida. Yale maji yanapita mlangoni kwa jirani wa chini, yanaingia Mirongo, yanaenda ziwani ambako watoto wanaoga na mama anafua. Kipindupindu kikilipuka msimu wa mvua tunashangaa. Kichocho nacho ni hivyohivyo, mayai ya wale minyoo yanatoka na kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa yanaingia kwenye konokono, yakitoka huko yanamwingia mtu kupitia ngozi akisimama tu kwenye maji. Kanda yetu hii ya ziwa ni moja ya sehemu zenye kichocho kingi nchini. Watoto wanapewa dawa shuleni, wanapona, wanarudi kwenye maji yaleyale.

Nilimfuata mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji wengi, tunaheshimiana, nikamwambia "Mama, mimi sijaja kukusema, nimekuja tuongee hili la choo." Alinyamaza kidogo akaniambia "Mwanangu, unadhani napenda? Gari haliji huku, wapangaji ni wengi, nifanyeje?" Sikuwa na la kumjibu siku ile maana alikuwa anasema kweli. Matusi na vitisho vya faini havichimbi shimo kwenye mwamba. Kilichosaidia ni ule mfumo rahisi wa majitaka ambao mamlaka ya maji, MWAUWASA, imeujenga kwenye baadhi ya milima ya hapa mjini, mabomba membamba yanapita katikati ya nyumba na mawe, nyumba kadhaa zinaunganishwa pamoja mpaka kwenye bomba kubwa la chini, mteremko wenyewe unafanya kazi ya kusukuma. Ule mlima uliokuwa tatizo ndo umekuwa msaada. Nyumba iliyounganishwa haina haja ya kusubiri mvua. Yule mama alipopata nafasi alikuwa wa mwanzo mwanzo kuunganisha, na leo yeye ndo anawashawishi wenzake, na anasikilizwa kuliko afisa yeyote maana wanajua alikotoka. Ambako bomba halijafika bado hali ni ileile, na hapo ndo ningependa viongozi wetu waweke nguvu kuliko kwenye mabango.

Upande wa oili. Kando ya mto kuna mafundi gereji na kuna sehemu za kuoshea magari na bodaboda. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa lisifanyiwe shughuli za kuharibu, ila ukipima mita 60 kutoka Mirongo katikati ya mji nusu ya maisha ya watu yamo ndani, kwa hiyo kuwafukuza wote ni maneno tu. Mafundi wengi ni vijana wetu tunawajua. Oili chafu walikuwa wanaimwaga chini, mchanga unainywa, mvua inaibeba. Kijana mmoja fundi ndo aliyeanza kukusanya kwenye dumu la lita 20 baada ya kugundua kuna watu wananunua, wanapaka mbao za kenchi zisiliwe na mchwa. Akaanza kupata hela ya chai, wenzake walipoona hivyo na wao wakaweka madumu. Hakuna aliyewahubiria. Bado kuna gereji moja kubwa kidogo wao wanaosha injini kwa petroli na kumwaga mtaroni mchana kweupe, tumeenda, tumeongea, wanasema sawa sawa mama, ukigeuka wanamwaga. Hiyo tumeipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa na hatujaiacha.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na nakumbuka vizuri mvua za mwaka ule ufukwe ulikuwa na nafuu ya kuonekana. Ilikuwa haijawahi kutokea. Baadae vikaingia vile vifungashio vya nailoni laini visivyo na mishikio, vya kufungia karanga na ubuyu, watu wakaanza kubebea nyanya, vitunguu, kila kitu, na vyenyewe ni vyepesi kuliko hata rambo, upepo tu unavipeleka mtaroni. Mimi kwenye dagaa zangu napimia kwenye gazeti na kwenye viroba vya kurudisha, mteja wa jumla anakuja na kiroba chake, na wateja hawajanikimbia.

Pale Mwaloni kuna mzee mvuvi namheshimu sana, nikimkuta nampa shikamoo naye ananiambia marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ananisimulia ziwa la ujana wake. Anasema zamani ukishusha nyavu hapa ghubani unapandisha furu, wale samaki wadogo, wa kila rangi, wekundu, wa bluu, wa njano. Furu waliisha kwa sababu kubwa ya sangara, hilo wengi tunalijua, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawatafuna wengi mno. Lakini kuna jingine ambalo mimi nilipolisikia lilinikaa kichwani mpaka leo. Watafiti waliofanya kazi hapahapa ghuba ya Mwanza, Ole Seehausen na wenzake, walichapisha mwaka 1997 kwamba furu jike anamchagua dume kwa rangi, wa bluu anatafutwa na jike wa aina yake, mwekundu hivyohivyo, sasa maji yakiwa machafu mwanga haupenyi vizuri, jike haoni rangi, aina zinachanganyikana, na madume wenyewe wanafifia. Sehemu zenye maji meupe aina zilikuwa nyingi na zinang'aa, penye tope aina chache na rangi zimepauka. Yaani udongo na mbolea tunavyoteremsha kutoka milimani vinamfanya samaki asimtambue mwenzake! Nilipomwambia mzee alikaa kimya alafu akasema "Ndo maana." Hao samaki hawapo sehemu nyingine yoyote duniani, wako humu ziwani kwetu tu.

Na lipo la ukubwa. Watu wanasema ziwa ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, litameza tu. Lakini kina chake kwa wastani ni kama mita 40, ni ziwa kubwa ila si refu kwenda chini, na maji yake mengi yanaingia kwa mvua inayonyeshea juu ya ziwa lenyewe na mengi yanatoka kwa kupaa na jua, yanayobaki ndo yanatoka Jinja kwenda Nile. Jua linachukua maji matupu. Fosforasi, ile mbolea iliyomo kwenye sabuni na kinyesi, haipai, oili nzito haipai, plastiki haipai. Vinabaki, mwaka hadi mwaka, na vinaanzia kujaa kwenye vighuba vya karibu na miji kama hivi vyetu, na Kisumu na Kampala wana yao.

Matokeo tunayo. Magugu maji yalifika kwenye ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, yakatanda miaka ya 1990 mpaka wakaletwa wale wadudu jamii ya fukusi wanaoyala, yakapungua sana, lakini hayajaisha maana chakula chake tunaendelea kukimwaga kila msimu. Mwanzoni mwa 2025 magugu ya majini yalitanda njia ya vivuko kule Kigongo na Busisi mpaka abiria wakakwama, daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Kuyang'oa kwa mikono ni vizuri, ila unang'oa huku mto unayalisha kule.

Kuna walioshauri tuweke nondo kwenye kalavati zizuie takataka. Mimi nasema kwa uangalifu sana. Nondo zikiwa zimebanana na hakuna mtu wa kuzisafisha mvua ikinyesha, zinaziba kwa dakika chache, maji yanapanda yanaingia majumbani, na kwa mteremko wa huku hiyo inaua watu. Nimeona maji yakibeba meza ya chuma. Kama mnaweka basi iwe na nafasi pana, iwe na juu pa maji kupita yakizidi, na iwe na mtu mwenye jina lake anayelipwa kuisafisha. Bila huyo mtu acheni kabisa.

Kitu ambacho kimenifurahisha zaidi ni cha mabati. Fanya hesabu, mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya kawaida yenye bati la mita 60 za mraba ikipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua moja tu ya jioni, ni lita 1,800. Hizo zinatoka nyumba moja zinaruka kwenye kichochoro, zidisha kwa nyumba zote za mlima mzima ndo upate ile nguvu inayosomba udongo na kila kitu. Nyumba kadhaa za kwetu zimefunga gata na simtanki, hata la lita 1,000, wengine mapipa tu, maji ya mwanzo wanayamwaga sababu yana vumbi na kinyesi cha ndege, yanayofuata wanayakinga ya kufulia na kudekia. Bili ya maji imeshuka na kichochoro chao hakichimbiki tena. Wasio na uwezo wa tanki tumewapangia mawe kukata mteremko, mstari wa mawe na majani nyuma yake, udongo unashikwa pale, maji yanapita taratibu. Mawe Mwanza ni ya bure. Kwenye kingo za mto sehemu moja tumeacha matete yaote badala ya kuyafyeka kila mara, na penye matete ukingo haujakatika wakati jirani yake umemeguka mpaka karibu na ukuta wa watu.

Kina mama wanaolima mchicha kando ya mto nao tumeongea, si kuwazuia, wana watoto wanasoma kwa huo mchicha, ila waache ukanda wa majani kati ya tuta na maji na mbolea ya kuku wasiimwage mvua ikiwa imekaribia. Wengine wamekubali, wengine wanasema ardhi ni ndogo.

Kilichobaki saivi ni gari. Viroba vya tope vya mwezi huu vimejaa pale juu ya barabara, vijana wamefanya kazi nzuri sana, guta letu linaweza kubeba vichache tu kwa safari na dampo la Buhongwa ni mbali. Barua ya kuomba lori tumeshapeleka ofisi ya kata na tumeambiwa tusubiri wiki ijayo, na mimi nitaenda tena Jumatatu, na Jumanne, kwa sababu mawingu ya upande wa Ukerewe yameshaanza kujikusanya jioni na vile viroba vikinyeshewa vikapasuka tutakuwa tumebeba yote yale kwa mgongo ili tuyarudishe mtoni. Kama wewe una lori au unamjua mwenye lori hapa Nyamagana au Ilemela, hata la kulipia mafuta tu, njoo Mabatini uulizie kina mama wa mtaro, utaonyeshwa.